Kununua Prosesa ya Madoido Iliyotumika kwa Maonyesho ya Karaoke: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Nairobi

Usiku mmoja, katika baa moja ya Roysambu, mfawidhi alichukua maikrofoni mara tu mwimbaji alipomaliza, akatangaza kwamba kulikuwa na gari lililoziba lango. Aliisoma namba ya gari mara tatu, na mara zote tatu herufi zilirudiana na kugongana hewani, kwa sababu dilei (doido linalorudia sauti baada ya muda mfupi) ya wimbo uliotangulia ilikuwa ingali inafanya kazi, nami nilikuwa nikipekua kurasa nne za menyu ya prosesa ya madoido, mashine inayoongeza mwangwi na marudio kwenye sauti, nikitafuta mahali pa kuizima. Mwenye gari hakuinuka. Mashine ile ilikuwa na sauti nzuri na madoido mengi kuliko niliyowahi kuyahitaji, lakini niliiuza kabla ya mwezi kwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichagua prosesa ya karaoke kwa mpangilio ambao huwashangaza wauzaji: kwanza naangalia jinsi inavyozimwa na kuwashwa haraka, pili naangalia umeme wake, na sauti yake naisikiliza mwisho. Mwimbaji wa karaoke si mwanamuziki aliyefanya mazoezi. Ni mhasibu au dereva aliyesukumwa jukwaani na marafiki, anayekifumbata kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, na ambaye baada ya dakika nne hivi atampisha mwingine. Mwangwi humsaidia kwa sababu hulainisha noti alizozikosa na kumfanya asikie sauti yake ikijaa ukumbi. Wimbo ukiisha, mwangwi huohuo huharibu kila neno la mfawidhi. Ndani ya baa yenye makelele, karibu prosesa yoyote ya kampuni inayojulikana itamridhisha msikilizaji, ila si kila moja itakuruhusu kuinyamazisha kwa kidole kimoja gizani.

Anza na mikisa yako

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, na pesa mfukoni, ichunguze mikisa uliyo nayo, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Prosesa ya nje huhitaji njia ya kupeleka sauti, ambayo kwa kawaida huandikwa FX au AUX, na mahali pa kuirudishia, yaani njia ya stereo ya marejesho au chaneli mbili zisizotumika. Ikiwa unachomiliki ni amplifaya ya karaoke yenye matundu mawili ya maikrofoni na hakuna njia ya kutoa sauti hizo nje, prosesa ya raki, yaani ile ya kufungwa kwenye fremu ya vifaa, haitakufaa hata ikiwa ya bei nafuu kiasi gani.

Uwezekano wa pili ni kwamba huhitaji kununua chochote. Mikisa nyingi za siku hizi zina madoido ndani yake. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ina programu 24 za SPX, jamii ya madoido ya Yamaha, ambazo zinatosha kwa ukumbi mdogo. Mwenye mikisa kama hiyo angefanya vyema zaidi kununua maikrofoni bora kwa pesa hizo, hasa akikumbuka kwamba mjini kuna maikrofoni nyingi bandia zenye majina makubwa.

Ukiona bado unahitaji prosesa, angalia pia kiwango cha sauti. Vifaa vya jukwaani hufanya kazi kwa +4 dBu, ambayo ni volti 1.23 hivi, ilhali vifaa vya nyumbani hufanya kazi kwa -10 dBV, karibu volti 0.32. Prosesa nyingi zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua kati ya viwango hivi. Muuzaji akisema kwamba mashine ina sauti hafifu au inakwaruza, mara nyingine kosa ni la swichi hiyo tu.

Aina za mashine utakazokutana nazo

Kundi la kwanza ni mashine za raki zilizotengenezwa kwa ajili ya studio na jukwaa. Za zamani zaidi ni za miaka ya 1980, kama vile Yamaha SPX90 na Alesis MidiVerb. SPX90 huchukua sampuli za sauti kwa kilohezi 31.25, yaani mara 31,250 kwa sekunde, kwa hivyo madoido yake hayapiti kilohezi 12 hivi, jambo ambalo kwa sauti ya mwimbaji si hasara kubwa, maana mwangwi usiong'aa sana huficha mikwaruzo ya herufi s. Udhaifu wake kwa karaoke ni kwamba hufanya kazi moja kwa wakati mmoja, ukichagua riverbu (mwangwi kama wa ukumbi) unakosa dilei, na umri wake umefanya vipuri viwe adimu. Ningeinunua kwa mapenzi, si kwa kazi ya kila wikendi.

Zinazofuata ni zile zilizoenea kuanzia miaka ya 1990, kama Lexicon MPX 110, Alesis MidiVerb 4, TC Electronic M-One na familia ya Behringer Virtualizer. Baadaye zikaja TC Electronic M300 na M350 pamoja na Lexicon MX200, na hapo ndipo napendekeza mwendeshaji wa karaoke aelekeze macho. Mashine hizo zina injini mbili zinazofanya kazi pamoja, moja kwa riverbu na nyingine kwa dilei au doido jingine, na vidhibiti vyake vikuu viko usoni, havikufichwa ndani ya menyu. Katika M350 unachagua riverbu kwa swichi moja na dilei kwa swichi nyingine, kila upande ukiwa na aina 15, na mtu aliyeishika kwa mara ya kwanza anaweza kuielewa kabla ya soda yake kuisha.

Kuna mtego mmoja katika kundi hili. Behringer Feedback Destroyer, hasa DSP1124P, ina umbo la raki linalofanana sana na ndugu zake za madoido, nayo huuzwa mara kwa mara kama mashine ya eko, yaani ya kurudiarudia sauti. Haina eko wala riverbu. Kazi yake ni kutafuta mluzi wa spika na kuukata kwa vichujio, 12 kwa kila chaneli. Ni kifaa chenye manufaa makubwa katika karaoke, na huenda ukakihitaji, lakini kinunue ukijua unachokinunua.

Kundi la pili ni prosesa za karaoke zenye kila kitu ndani: matundu ya maikrofoni, ya muziki, eko, riverbu, kizuia mluzi na matokeo tofauti ya spika kuu na besi. Nyingi hutengenezwa China na huuzwa kwa majina mengi. Kizuia mluzi chake mara nyingi husogeza sauti kwa hezi chache ili mluzi usipate nafasi ya kujijenga, na mtu wa kawaida hatambui tofauti hiyo anapoimba. Mwenye amplifaya isiyo na mikisa atafaidika sana na mashine ya namna hii. Ila kabla ya kutoa pesa, hakikisha haikufungwa kwa nywila ya fundi aliyeiweka baani mara ya kwanza, na kwamba programu yake ya kompyuta inapatikana na inaitambua mashine kupitia USB. Mashine iliyofungwa itakuruhusu kuongeza na kupunguza sauti tu, huku mipangilio mingine yote ikibaki ya ukumbi wa mtu mwingine.

Pedali za waimbaji, zile zinazoongeza sauti za kuitikia au kunyoosha noti, ziache. Zinahitaji kujua ufunguo wa wimbo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, na ufunguo katika karaoke hubadilika kila baada ya dakika chache. Isitoshe, mwimbaji aliyepotea kabisa huvutwa kwa nguvu kwenye noti nyingine isiyo sahihi.

Umeme: mahali ambapo pesa nyingi hupotea

Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Vifaa vilivyotumika huletwa kutoka Uingereza, ambako umeme unafanana na wetu hata plagi ni ileile ya miguu mitatu ya mstatili, lakini pia hutoka Marekani, ambako ni volti 120 na hezi 60, na Japani, ambako ni volti 100. Usiamini plagi, kwa sababu plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, huna la kuogopa. Kikisema 120V pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, ambayo ni nzito, hutoa joto, na siku moja msaidizi wako ataisahau na kuchomeka mashine moja kwa moja ukutani. Kikisema 100V, hata transfoma ya kawaida ya volti 110 inaupita kwa asilimia 10, na kifaa kitakuwa cha moto kuliko kilivyokusudiwa. Kikiandikwa 60Hz bila 50, ujue pia kwamba transfoma iliyo ndani itapata joto zaidi hapa kwetu. Mimi hupunguza bei nikiona 120V na huondoka nikiona 100V.

Jambo la pili ni adapta. MPX 110, MX200, MidiVerb 4 na Alesis QuadraVerb hutumia adapta ya nje ya volti 9 za AC, yaani umeme unaotoka kwenye adapta haujageuzwa kuwa DC. Karibu kila adapta ya volti 9 utakayopewa kwenye kibanda cha vifaa vya elektroniki ni ya DC, hata kama kichwa chake kinaingia sawasawa. Mashine hizi hujitengenezea ndani umeme chanya na hasi kutokana na AC, na ukizipa DC aghalabu hukataa kuwaka au huwaka nusu. Hali hii ina faida kwa mnunuzi makini: mashine inayotangazwa kuwa mbovu kwa vipuri huenda kosa lake pekee ni adapta. Beba adapta yako ya AC unapokwenda kuiangalia, na ukiona inawaka, usionyeshe furaha mpaka bei ikubaliwe. Kinyume chake, ukinunua mashine nzima bila adapta yake, ongeza gharama ya kuitafuta katika hesabu zako, kwa sababu haipatikani kwa urahisi.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Usikubali kujaribishiwa kwa spika ya dukani yenye besi nzito inayogombana na spika ya duka la jirani. Nenda na mikisa ndogo, maikrofoni unayoijua, nyaya zako na hedifoni zinazofunika masikio. Muuzaji halali hatakasirika. Atakayekukataza kuifungua sanduku au kuichomeka amekwisha kukujibu.

Washa mashine kabla ya kuiunganisha na chochote na uinuse. Harufu ya kuungua haijifichi. Kisha unganisha na usikilize kimya: ongeza sauti ya marejesho bila mtu kuzungumza. Mvumo mdogo wa hewa ni wa kawaida kwa mashine za zamani, lakini mngurumo mzito wa umeme mara nyingi unaonyesha kapasita zilizokauka katika sehemu ya umeme, kazi ambayo fundi mzuri anaimudu, mradi bei imeshuka kulingana na ugonjwa.

Sasa tamka neno lenye s na t, kama vile "sitasita", kisha nyamaza ghafla. Hapo ndipo riverbu hujianika. Mkia wa sauti unatakiwa kufifia taratibu bila kukatika. Ukisikia mlio wa chuma, ndivyo mashine ya bei ya chini ilivyoundwa, na katika baa huenda usiujali. Lakini ukisikia mikwaruzo inayoongezeka kadiri mkia unavyofifia, kuna hitilafu katika sehemu inayogeuza sauti kuwa namba au namba kuwa sauti, nayo si ya kurekebishwa kwa bei nafuu. Rudia kwa tokeo la kushoto pekee, kisha la kulia pekee. Upande uliokufa mara nyingi ni tundu la jeki lililoachana na risasi ya kulehemu, kwa hivyo litikise kidogo huku ukisikiliza.

Zungusha kila swichi polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Namba zikiruka kutoka 12 hadi 15 na kurudi 13, swichi imechafuka au imechakaa. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme huponya nyingi, si zote. Angalia kioo cha mashine ukiwa umekikinga na mwanga kwa kiganja, kwa sababu utakisoma gizani. Halafu hifadhi mpangilio mmoja katika kumbukumbu, chomoa umeme kabisa kwa dakika kumi, na uwashe tena. Mpangilio ukipotea, betri ya ndani imekwisha. Katika mashine kadhaa za zamani betri hiyo imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi kwa mkono mtupu. Dakika hizo kumi zitumie kuzungumza bei.

Jaribio ambalo wengi hulisahau ndilo ninaloliona kuwa la lazima: bonyeza kitufe cha kukwepesha madoido, yaani kile kilichoandikwa BYPASS. Kuna mashine ambazo, zikikwepeshwa, hunyamaza. Kuna nyingine ambazo huipitisha sauti kavu kama ilivyoingia, na kwa kuwa sauti hiyo kavu tayari imo kwenye mikisa, mfawidhi ataongezeka sauti ghafla na huenda spika zikapiga mluzi. Mashine kadhaa hukuruhusu kuchagua tabia mojawapo katika mipangilio. Kama yako haikuruhusu, hakikisha mikisa yako ina kitufe cha kunyamazisha njia ya madoido. Angalia pia kama nyuma kuna tundu la swichi ya mguu, kwani kwa anayeendesha muziki na maikrofoni peke yake, mguu ni mkono wa tatu.

Mwishoni iache mashine ikiwaka kwa dakika 45 huku wewe ukinywa chai mahali pa karibu, kisha urudie jaribio la "sitasita". Hitilafu nyingi hazionekani mpaka kifaa kipate moto, na onyesho la karaoke huchukua saa tano.

Bei na risiti

Sitataja bei, maana hubadilika kila wiki, ila kipimo changu ni kwamba jumla ya bei, adapta, transfoma ikihitajika na matengenezo isipite nusu ya bei ya kifaa kipya chenye dhamana kinachofanya kazi hiyohiyo. Lipa kwa M-Pesa baada ya majaribio, usitume arubuni kwa mtu usiyemwona, na udai risiti yenye jina la muuzaji, modeli na namba ya kifaa. Vifaa vya muziki huibwa sana makanisani na kwenye kumbi, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Namba ya kifaa iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuamini hivyo.

Kuifunga na kuipanga

Peleka waya kutoka tundu la kupeleka madoido la mikisa hadi tundu la kuingizia la prosesa, kisha rudisha matokeo mawili kwenye njia ya stereo. Ukitumia chaneli za kawaida kurudishia, hakikisha vidhibiti vyake vya FX viko sifuri, la sivyo sauti itazunguka kutoka prosesa kurudi prosesa mpaka ilipuke kwa mluzi. Weka mchanganyiko wa prosesa kuwa madoido matupu, asilimia 100, kwa sababu sauti kavu inayopita humo huchelewa kidogo, ikikutana na ile ya mikisa huifanya iwe nyembamba na ya puani. Ongeza sauti ya kuingia mpaka mwimbaji mwenye nguvu aiguse taa ya manjano. Nyekundu isiwake hata mara moja.

Kwa kuanzia, chagua riverbu ya aina ya bamba (PLATE), muda wa sekunde 1.4, na ucheleweshaji wa awali (PRE-DELAY) wa milisekunde 30, ili neno lisikike kwanza ndipo mwangwi ufuate. Katika chaneli ya marejesho kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 150 au 200. Dilei ipangwe kwa kugawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika: wimbo wa mapigo 100 unakupa milisekunde 600, au 300 ukitaka nusu yake. Mashine yenye kitufe cha kugonga mapigo itakuokoa na hesabu hiyo. Marudio mawili yanatosha. Mwangwi usiupeleke kwenye spika ya mwimbaji ila kidogo sana, kwa kuwa huko ndiko mluzi huanzia, na ukumbi uliojaa mwangwi humfanya mwendeshaji apandishe sauti yote ili maneno yasikike, hadi majirani wakumbuke kanuni za kelele zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Mngurumo ukitokea baada ya kuunganisha kompyuta, jaribu kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na ikiwa bado upo, tumia kisanduku cha transfoma ya sauti kati ya kompyuta na mikisa. Usikate mguu wa ardhi wa plagi, hata fundi akikuambia kila mtu hufanya hivyo.

Sasa amua utanyamazisha wapi. Ukinyamazisha njia ya kupeleka, mkia wa noti ya mwisho huisha wenyewe kwa adabu, na hilo ndilo la kufanya wimbo unapokwisha. Ukinyamazisha njia ya marejesho, kila kitu hukatika papo hapo, na hilo ni la dharura. Vitie alama vitufe hivyo viwili kwa utepe wa rangi mbili tofauti. Kabla wateja hawajaingia, mpe mfawidhi maikrofoni, mwache aimbe mstari mmoja kisha asome namba ya gari lolote lililoegeshwa nje, huku wewe ukinyamazisha bila kuangalia mashine. Mrudie zoezi hilo mpaka mhudumu aliye kaunta aweze kuiandika namba hiyo bila kuuliza.